Mkate wa Lirong Uko Kizingitini

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Utamaduni wa Wilaya, Bwana Qiao Shouting, ndugu wa marehemu kutoka ukoo wa Lei, ambao katika shughuli ya mwanamke ndio wageni wakubwa kuliko wote, na Mheshimiwa atanisamehe kwamba jina lake limenitoka kabla ya lao, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji cha Shiyaotou, wazee wa ukoo wa Hou, majirani, wapiga zumari, ambao nawaomba mziweke zumari zenu magotini mpaka nitakapomaliza, nanyi wapishi mlioko jikoni, nisikilizeni hukohuko, lakini msiyaache maji ya tambi yakauke: nawasalimuni nyote kwa heshima.

Jina langu mnalijua. Mimi ni Tong Bingwen, niliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya kijiji hiki kwa miaka thelathini na mmoja, na ni wachache wenu wa umri wa makamo ambao sikupata kuwarudishia daftari likiwa limejaa wino mwekundu. Bwana Hou Genxi ameniomba niisimamie shughuli ya leo, kama nilivyoyasimamia mazishi ya mama yake, Bibi Lei Qiaoye, miaka mitatu iliyopita. Siku ile nilitoa hotuba iliyopangika vizuri. Watu waliisifu. Niliisoma tena juzi, na sikuona ndani yake neno hata moja lililonigharimu kitu.

Leo ni siku ya kuvua nguo nyeupe za msiba. Wana wa marehemu wataziweka chini hapo uani, kitambaa chekundu kitatundikwa juu ya mlango, na meza hii iliyojaa mikate ya maua, ile ya unga uliofinyangwa na kupikwa kwa mvuke, itaondolewa. Tutaimega mikate, tutagawana, kila mtu atakwenda kwake na kipande chake, na matanga yatakuwa yamekwisha. Baada ya leo hakuna mkate mwingine wa matanga utakaoletwa kwa Bibi Qiaoye, wala wa mwana, wala wa binti. Kwa hiyo kinachoingia leo kimeingia, na kinachobaki nje leo kimebaki nje siku zote.

Nyote mliopita mlangoni asubuhi hii mmekizunguka kikapu kimoja kilichofunikwa kwa kitambaa cha bluu. Wengine mmekizunguka kimyakimya, wengine mmenong'ona, na wawili, ambao sitawataja ingawa niliwafundisha, mmekifunua na kuchungulia. Kikapu kile ni cha Hou Lirong, binti pekee wa marehemu. Bado kiko kizingitini. Nani amekiacha pale? Mimi. Nami nimesimama hapa ili niseme kwa nini.

Kwa desturi yetu, mkate wa binti ndio unaokaa upande wa mkono wa kulia wa marehemu, kwa sababu njia anayokwenda ina mbwa, na mama hujilinda na mbwa hao kwa kuwatupia mkate wa binti yake. Mkate wa mkwe hautoshi. Wa jirani hautoshi, hata uwe mzuri namna gani. Na kwa desturi hiyohiyo, mkate wowote unaoletwa hukaguliwa mlangoni na mwanamke anayeijua kazi. Zamani mkaguzi huyo alikuwa Bibi Qiaoye mwenyewe. Tangu alipofariki, mkaguzi ni Mama Shuanlao, ambaye namwona pale karibu na nguzo, amekunja mikono.

Mama Shuanlao, nitayasimulia ya asubuhi kama yalivyokuwa. Nikikosea, nisahihishe.

Lirong alifika kwa gari kutoka Xi'an, akiwa amekipakata kikapu magotini njia nzima. Mama Shuanlao alikifunua, akatazama, akauliza, "Lirong, umeifanya mwenyewe?"

"Mwenyewe, shangazi."

"Naona. Hakuna duka ambalo lingethubutu kuuza kitu kama hiki."

Waliokuwa mlangoni walicheka. Mama Shuanlao hakucheka. Akautoa mmoja, akaugeuza juu kwenye mwanga. "Magadi yamezidi. Tazama madoa haya ya manjano, kama meno ya mvuta kiko. Na imecheka, mwanangu. Yote minane imecheka."

Wageni waliotoka mbali wajue kwamba sisi hatusemi mkate umepasuka. Neno hilo halitamkwi mbele ya chungu cha mvuke. Tunasema umecheka. Mkate wa harusi ukicheka, watu husamehe. Kwenye meza ya marehemu, mkate haucheki.

"Na huyu mwenye shingo iliyolala ni nani?" akauliza tena.

"Korongo, shangazi."

"Nilidhani bata aliyetoka kunywa."

Genxi akaingilia kati. "Shangazi, weka tu. Watu wanatazama."

"Ndiyo maana siweki, kwa sababu watu wanatazama. Mimi mama yako alinirudisha mlangoni mara tatu, tena nikiwa na mimba ya Shuanlao, kwa sababu ya simba mmoja mwenye masharubu mafupi. Nilie, nisilie, alinirudisha. Leo niweke hii mbele ya picha yake? Atanitazama kwa jicho gani?" Kisha akanigeukia. "Mwalimu, wewe ndiye msimamizi. Amua."

Nilisema kikapu kikae pale mpaka nitakapokuwa nimehutubia. Mlidhani ni hekima. Haikuwa hekima, ndugu zangu, ilikuwa hofu, maana mimi ndiye mtu wa mwisho katika kijiji hiki mwenye haki ya kuamua juu ya mkate wa Lirong.

Kwanza niseme kidogo juu ya Bibi Qiaoye, kwa kuwa Mheshimiwa Mkurugenzi ametuletea kibao chenye jina lake na cheo cha fundi mkuu wa wilaya. Tunashukuru. Kibao kimechelewa miaka mitatu, lakini kimefika, na ukuta upo.

Mimi sikuwa mjuzi wa kazi yake. Nilikuwa jirani, ukuta kwa ukuta, na mambo mengi niliyasikia kabla ya kuyaona. Nilikuwa nikisikia kofi. Alikuwa akiupiga unga uliochachuka kwa kiganja, halafu anainamisha kichwa na kusikiliza, kama daktari anayesikiliza kifua. Ukilia sauti nzito na bubu, chachu imezidi, magadi hayatoshi. Ukilia sauti kavu, magadi yamezidi. Alikuwa akitafuta sauti iliyo katikati, na akishaipata alinyamaza, na nyumba nzima ilinyamaza. Wakati wa baridi aliufunika unga kwa blanketi lake zito juu ya kitanda cha udongo chenye moto chini, na marehemu mumewe alikuwa akilalamika kwa kila aliyepita: "Katika nyumba hii unga una blanketi, mimi nina koti."

Vifaa vyake vilikuwa kitana cha nywele, mkasi, wembe wa kunyolea, maharage meusi na mbegu za pilipili kwa ajili ya macho. Kwa kitana alitoa magamba ya samaki. Kwa mkasi alitoa miba ya nungunungu. Hakuna harusi, hakuna mtoto aliyetimiza mwezi, hakuna mzee aliyetimiza miaka sabini kijijini hapa ambaye hakupata kitu kutoka mikononi mwake, na hakuna kilichobaki, kwa sababu mikate ya maua huliwa. Bwana Mkurugenzi aliniuliza jana kama kuna kazi yake yoyote iliyohifadhiwa. Nilimjibu kwamba tumeihifadhi sote, tumboni.

Lakini kazi hiyo ilikuwa na mrithi. Vijana hamjui, na wazee mmesahau, nami nimesaidiwa na kusahau kwenu kwa miaka arobaini na mitano.

Lirong akiwa na umri wa miaka minane alitengeneza nyenze kwa kipande cha unga kilichobaki. Alikifinyanga kwa vidole viwili, akachora mabawa kwa kitana, akatia mbegu mbili za pilipili, akakiweka juu ya ukuta wetu ili kikauke. Kuku wa mke wangu akarukia ukutani akakidonoa. Mke wangu alicheka mpaka akaketi chini. Bibi Qiaoye hakucheka. Alikuja akamtazama kuku, akamtazama mtoto, akasema kwa sauti ya chini, "Kazi yangu mimi haijamdanganya kuku hata siku moja."

Alipofika miaka kumi na miwili, Lirong alikuwa akikosa shule siku tatu kabla ya kila harusi ili amsaidie mama yake. Alikuwa wa kwanza darasani hata hivyo. Lakini mimi nilikuwa na umri wa miaka thelathini na sita, nilikuwa nimepewa shule, na nilikuwa nimeapa kwamba msichana mmoja wa Shiyaotou ataingia chuo kikuu kabla sijazeeka. Nilikwenda nyumbani kwao. Nilimkuta Bibi Qiaoye na unga mpaka kwenye nyusi. Nikamwambia, "Dada, chagua. Mikono ya mtoto huyu ni ya kalamu au ni ya unga? Vyote viwili havikai katika mkono mmoja."

Akaniuliza, "Mwalimu, una hakika?"

Nikasema, "Nina hakika."

Nilikuwa nimesema bila kuulizwa na mtu, bila kusoma popote, bila kumtazama mtoto. Lakini nilikuwa nimesema kwa sarufi nzuri, na katika siku zile mtu aliyesema kwa sarufi nzuri aliaminiwa.

Je, niliishia hapo? Sikuishia hapo. Siku chache baadaye ilikuwa sikukuu ya kufagia makaburi, siku ambayo watoto hupewa mbayuwayu wa unga. Lirong aliniletea mbayuwayu aliyemfanya mwenyewe. Alikuwa na mkia uliogawanyika mara mbili, na kifua alichokichanachana kwa ncha ya mkasi mpaka kikawa na manyoya. Alimweka mezani kwangu kwa mikono miwili, kama anavyofunzwa mtoto mwenye adabu. Nami nilimsimamisha mbele ya darasa. Nikauinua ule mkate, nikasema, "Tazameni. Hiki ndicho kinachokula maksi zenu." Nikauvunja, nikautupa dirishani kwa nguruwe wa shule.

Mlikuwamo darasani, baadhi yenu. Wewe Genxi ulikuwa darasa la juu, lakini ulisikia. Mlicheka, kwa kuwa mwalimu alitaka mcheke. Lirong hakulia. Alisimama pale mpaka nilipomruhusu kukaa.

Alikwenda nyumbani akamwambia mama yake. Na Bibi Qiaoye, ambaye hakuogopa mtu, alimwogopa mwalimu kwa ajili ya mtoto. Tangu siku ile hakumruhusu Lirong kugusa unga. Akiukaribia ubao, mama alimpiga kwenye vifundo vya vidole kwa mti wa kusukumia unga. "Toka. Mwalimu anajua zaidi." Nilikuwa nikiusikia ukutani mti ule, na nilifurahi. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Nilimkunja. Hakuna aliyeniambia kwamba samaki huyo alikuwa tayari na umbo lake.

Lirong aliingia chuo kikuu. Alikuwa msichana wa kwanza wa kijiji hiki, nami nilipewa cheti chenye muhuri, ambacho kilitundikwa ofisini mpaka shule ilipofungwa kwa kukosa watoto. Leo ni mhandisi wa reli. Anapima mahandaki. Sijuti kwamba alisoma, na mtu asinielewe vibaya: mzazi yeyote anayemzuilia binti yake shule kwa ajili ya unga bado atagombana nami, hata katika umri huu. Ninachojutia ni kwamba nilimfundisha mama na mtoto kwamba kimoja hakiwezi kuishi mpaka kingine kife.

Basi, miaka mitatu iliyopita Bibi Qiaoye alifariki, na binti alitakiwa kuleta mkate. Hakujua kuufanya. Alikwenda katika duka kubwa mjini, akaagiza kilicho kizuri kuliko vyote, nao wakamfungia katika sanduku lenye utepe. Mliliona. Yalikuwa matunda ya pichi ya unga, makubwa, yaliyopakwa wekundu kwenye ncha. Mtoto yeyote wa hapa anajua kwamba pichi zenye ncha nyekundu ni za kumtakia mtu maisha marefu siku yake ya kuzaliwa. Lirong hakujua, kwa kuwa tangu umri wa miaka kumi na miwili alikuwa amefukuzwa penye ubao.

Mwanamke mmoja akauliza kwa sauti, "Jamani, leo ni sikukuu ya nani?" Mwingine akajibu, "Anamtakia mama yake miaka mia." Sanduku likawekwa nyuma ya mtungi wa unga. Upande wa kulia wa jeneza ulibaki mtupu. Nami, msimamizi wa mazishi, niliuona utupu ule, nikajua umetoka wapi, nikainuka nikatoa ile hotuba iliyopangika vizuri.

Jioni ile Lirong alinikuta nje ya lango. Aliniuliza swali moja tu. "Mwalimu, nani anamzuilia mama yangu mbwa?"

Maswali mangapi nimeyajibu katika maisha yangu? Hilo nililiacha pale langoni, nikaingia ndani kuwashukuru wapishi.

Wala halikuwa la kwanza. Majira ya baridi ya mwisho ya uhai wake, Bibi Qiaoye aliniita. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka, na alikuwa ameiweka chini ya blanketi ili nisiione. Akaniambia, "Mwalimu, unakumbuka uliniambia nichague?"

"Nakumbuka, Dada."

"Nimekuwa nikiwaza. Nilichagua haraka sana. Kwa nini sikukuuliza nani aliyekwambia kwamba ni viwili?"

Nikasema, "Binti yako amekuwa mtu mkubwa."

Akasema, "Amekuwa. Anakuja, anakaa pale, ananitazama nikisukuma unga kama mtu anayetazama treni ikipita. Nikimwambia njoo, anaficha mikono nyuma. Ana miaka zaidi ya hamsini, Mwalimu, na bado anaficha mikono."

Niliinywa chai yangu yote. Nikaaga.

Ndugu zangu, juzi nilimuuliza Lirong amejifunza kwa nani, maana Bibi Qiaoye hakuacha mwanafunzi wa karibu, na hakuna mama hapa aliyeniambia kwamba Lirong alimwendea. Alisema hakumwendea mtu. Aliona haya. Kwa miaka mitatu, kila siku ya mapumziko, amekuwa akikanda unga katika jiko la nyumba yake ya ghorofa ya kumi na tisa, akiandika katika daftari uzito wa magadi na joto la chumba. Mumewe amekula mikate iliyoanguka mpaka amewaomba majirani wamsaidie. Akaniambia, "Mwalimu, nimepima handaki la kilomita kumi na mbili, likichimbwa kutoka pande mbili za mlima, na pande hizo zilipokutana kosa langu halikuzidi upana wa kidole. Lakini unga sijui unataka nini. Naupiga, nausikiliza, nao hauniambii kitu."

Nami nilijua kwa nini haumwambii. Sauti ile hurithishwa mtoto akiwa amesimama kando ya mama yake, bega likigusa nyonga, kofi baada ya kofi, mwaka baada ya mwaka. Haimo katika daftari. Mimi ndiye niliyemwondoa pale aliposimama.

Sasa nifike kwenye ombi langu.

Mimi ni mtu wa kanuni. Sijapata kumwongezea mtoto alama kwa kumhurumia, na wengi wenu ni mashahidi. Siwezi basi kusimama hapa nikamwambia Mama Shuanlao kwamba mkate uliocheka haukucheka, au kwamba bata ni korongo. Ukaguzi wake ulikuwa wa haki. Ninachosema ni kwamba kosa lililomo katika kikapu kile limeandikwa jina lisilo lake. Mwalimu akikuta kosa katika daftari la mtoto, huuliza kwanza nani alimfundisha. Nani alimfundisha Lirong? Nilikuwa mimi. Kama mikate ile ina madoa, madoa ni yangu. Kama shingo imeanguka, niliivunja mimi, mbele ya watoto arobaini, nikaitupa dirishani.

Lirong, simama, mwanangu. Sitakuomba msamaha kwa faragha, kwa kuwa sikukuaibisha kwa faragha. Nilikosa mbele ya darasa, na darasa lile liko hapa, limeota mvi. Mbayuwayu wako alikuwa mzuri. Nilijua kwamba ni mzuri wakati namshika. Ndiyo maana nilimvunja, kwa sababu niliogopa kwamba angenishinda. Nisamehe, ikiwa unaweza. Usipoweza, sitakulaumu.

Nanyi ndugu wa ukoo wa Lei, wazee wa Hou, nawe Mama Shuanlao, naomba kikapu kile...

Naam? Mama Shuanlao ananyoosha mkono. Sema, Mama Shuanlao. Sema kwa sauti, wa jikoni nao wasikie.

Anasema, "Mwalimu, umesema sana, na tambi zinalowa." Ni kweli. Endelea.

Anasema, "Umesimulia ya asubuhi vizuri, lakini hukuelewa hata moja. Wewe ulidhani namfukuza." Anauliza kama najua Bibi Qiaoye alikuwa akifanya nini mgeni anapoleta mkate mbaya. Sijui, Mama. Tuambie.

Anasema Bibi Qiaoye alikuwa akiusifu. "Mkate mbaya wa mgeni aliusifu: mzuri, mzuri, asante, kisha akauweka mbali. Hakumwambia mgeni kosa lake. Kwa nini amwambie? Mgeni anakwenda zake. Aliyeambiwa makosa ni yule aliyetakiwa kurudi. Mimi aliniambia makosa mara tatu mlangoni, nikilia. Mara ya nne hakunikagua. Alinipa kitana." Anasema, "Zile pichi nyekundu mwaka wa mazishi, nilisema neno? Sikusema. Wengine walisema. Mimi nilisema ni nzuri. Leo nimemtajia huyu magadi, nimemtajia mpasuko..." Samahani, nakosea mimi, hakusema neno hilo, amesema kicheko. "Nimemtajia kicheko, nimemtajia korongo. Sasa wewe Mwalimu, uliyesoma, niambie nilikuwa nikimfukuza au nilikuwa nikimwita?"

Ndugu zangu, nimefundisha miaka thelathini na mmoja, na sikujua hilo.

Nakuuliza basi, Mama, kwa nini kikapu bado kiko nje?

Anasema, "Kwa sababu nilikwambia uamue, nawe ukaogopa. Na kwa sababu aliyeitwa hajanijibu. Anaambiwa kosa, ananyamaza, anaficha mikono nyuma. Mwanafunzi akiambiwa kosa huuliza: nifanyeje?"

Lirong, umesikia. Sitakusemea. Nimekwisha kukusemea mara moja katika maisha yako, na mara hiyo ilitosha.

...

Wa nyuma hamkusikia, kwa hiyo nitarudia. Amesema, "Shangazi, ile shingo, nifanyeje isianguke?"

Na Mama Shuanlao anamjibu huku akitembea, hata hanitazami. Anasema unga wa shingo hukandwa mkavu kuliko wa mwili, na kijiti cha mtama hutiwa kabla ya kuingia kwenye mvuke, si baada. Anasema magadi hayapimwi kwa mizani, hupimwa kwa ulimi. Anasema aje kwake kabla ya sikukuu ya mwaka mpya, aje na nguo kuukuu, na hayo madaftari ayaache ghorofani. Ameshika mshikio mmoja wa kikapu. Mwingine ameushika Lirong. Wapisheni, tafadhali. Wewe Genxi, ondoa kiti hicho.

Mheshimiwa Mkurugenzi, kibao kitasubiri kidogo. Mkate hutangulia.

Sasa kimewekwa upande wa kulia. Minane yote, na madoa yake. Mtakapoigawa, mnigawie ule uliocheka zaidi, nami nitaula mbele yenu.

Ndugu zangu, msinione nikilia mkadhani ni furaha. Mkate umefika, lakini njia ile mama wa watu alianza kuitembea miaka mitatu iliyopita akiwa mikono mitupu, na sijui mbwa walimfanya nini. Hakuna ajuaye. Na yule ambaye angepaswa kumwambia Lirong makosa yake, kofi kwa kofi, sauti kwa sauti, yumo katika udongo, na miaka arobaini na miwili ya makosa ambayo hakuruhusiwa kumtajia imekwenda naye. Mama Shuanlao ana miaka sabini na minne. Lirong ana hamsini na saba. Waliobaki si wengi na muda si mrefu, nami ndiye niliyeufupisha.

Kwa ndugu wa ukoo wa Lei, nawashukuru kwa kutusubiri. Kwa Mheshimiwa, kwa safari yake. Kwa wapishi, kwa subira yao, na tambi zilizolowa ziletwe hivyohivyo. Dada Qiaoye, binti yako ameleta. Amechelewa, na kuchelewa huko ni kwangu, si kwake.

Wana wa marehemu, sasa vueni nguo nyeupe. Wapiga zumari, inueni zumari zenu. Nanyi nyote mlionipa masikio yenu leo, ingawa zamani niliyavuta bila kuyaomba, asanteni.